Kujua ni Deni

Ukisimama Endarasha alfajiri, siku isiyo na mawingu, utauona Mlima Kenya umesimama upande wa mashariki, na nyuma yako utaiona milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare. Kati ya milima hiyo yako mashamba ya viazi na kabeji, na mazizi ya ng'ombe wa maziwa. Saa ile ya baridi mfugaji huingia zizini kabla ya kukamua. Humshika ng'ombe sikio aone kama limepoa kupita kiasi; humtazama pua aone kama imekauka; humsikiliza kama anacheua; hugusa kiwele aone kama kina joto la ugonjwa. Ng'ombe hana ulimi wa kusema, walakini mfugaji hamwachi bila kumwuliza hali. Mkono wake ndio swali, na ngozi ya mnyama ndiyo jibu.

Nataka ukumbuke mkono huo, msomaji wangu, maana katika zama zetu umepata msaidizi wa ajabu. Msaidizi huyo ni uzi wa kioo. Uzi huo umekwisha kufundishwa kuhisi joto, mtikisiko na mvuto. Leo hutumika kuchunguza hali ya mashine na nyendo za wanyama. Wengi wataona hilo ni jambo la mafundi peke yao. Mimi naona limebeba swali linalomhusu kila mtu mwenye dhamana, nalo ni hili: mtu anapopewa habari ya kitu au kiumbe kilicho chini ya ulinzi wake, anadaiwa nini?

Haifai kuhukumu chombo tusichokifahamu, basi na tukitazame kwanza. Mwaka 1854, mjini London, mwanasayansi John Tyndall alionyesha watu kwamba mwanga unaweza kufuata mkondo wa maji unaopinda, ukazuiliwa ndani yake kama maji yazuiliwavyo ndani ya mfereji. Mwaka 1966 Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupeleka mwanga mbali sana. Na mwaka 2009 alishirikishwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo nyaya kubwa za kioo zilizopita chini ya bahari zilifika pwani ya Mombasa, na watu wa Kenya wakazizoea kwa jina la faiba. Kioo chenyewe kilichomo ndani ya waya huo ni chembamba, unene wake yapata sehemu ya nane ya milimita moja.

Watu wengi huijua faiba kuwa ni tarishi wa kupeleka habari za watu. Ni wachache wajuao kwamba tarishi huyu huweza pia kuwa shahidi. Mwanga ukipelekwa ndani ya uzi, sehemu ndogo sana hurudi nyuma kutoka kila mahali uzi unapopita. Udongo ukitikisika, uzi nao hutikisika, na ule mwanga unaorudi hubadilika. Mahali penye joto jingi nako hurudisha mwanga uliobadilika. Mwanga husafiri ndani ya kioo kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mtambo ukipima muda wa kwenda na kurudi, hutambua habari imetoka wapi. Mwaka 1978, nchini Kanada, Kenneth Hill na wenzake waligundua njia ya kuchora vistari visivyoonekana ndani ya kioo kwa nguvu ya mwanga. Vistari hivyo hurudisha rangi moja tu ya mwanga. Uzi ukivutwa au ukipashwa joto, rangi ile hubadilika kidogo. Hivyo uzi mmoja unaweza kuwa na vidole vingi vya kugusia.

Na vidole hivyo hufika pasipofikika. Ndani ya jenereta kubwa ya umeme, waya wa kawaida hubabaishwa na nguvu za sumaku. Kioo hakijali, maana hakina umeme ndani yake. Uzi wa kioo hulazwa ndani ya kuta za mabwawa, chini ya madaraja, kando ya mabomba ya mafuta na katika mahandaki ya magari moshi. Humwambia fundi kwamba beringi inachemka, kwamba bomba linavuja, kwamba ukuta umeanza kupasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Uzi huu huuona ufa kabla jicho halijauona.

Kutoka kwenye mashine uzi umeendea wanyama. Mwaka 2020, katika bahari baridi ya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwei, wataalamu walitumia waya wa mawasiliano uliokuwa tayari umelazwa sakafuni mwa bahari, wakasikiliza sauti za nyangumi. Mwishoni mwa mwaka 2022, reli ya mpaka wa kaskazini-mashariki ya India ilianza kutumia mtambo uitwao Gajraj. Huko ndovu walikuwa wakigongwa na magari moshi yapitayo msituni. Uzi wa kioo uliolazwa kando ya reli husikia kishindo cha nyayo za ndovu udongoni. Mtambo hukitambua, na habari hupelekwa ili dereva apunguze mwendo. Tazama maajabu hayo: uzi uleule husikia mashine na mnyama, ukajaribu kuwazuia wasikutane kwa ajali.

Jambo hili si la mbali kwetu. Watu wanaoishi chini ya Nyandarua wanajua maana ya ndovu kuingia shambani usiku: mazao ya miezi mingi huliwa kwa saa moja, na mara nyingine mtu hupoteza maisha. Ndiyo sababu ukajengwa ua wa umeme kuuzunguka msitu ule. Ujenzi ulianza mwaka 1989 chini ya juhudi za shirika la Rhino Ark, ukamalizika mwaka 2009, na urefu wa ua ni takriban kilomita 400. Na huko Samburu, kaskazini ya Mlima Kenya, watafiti walizika vyombo vya kupimia mitikisiko ya ardhi, wakaonyesha mwaka 2018 kwamba mwendo wa ndovu na mingurumo yake huandikwa udongoni kwa namna inayoweza kutofautishwa. Vyombo vile havikuwa nyuzi za kioo, lakini somo ni moja: ardhi husema, akipatikana wa kuisikiliza.

Sasa tumefika penye fikira inayotutaka tuwe waangalifu. Kioo hakina ubaguzi. Beringi ikichemka, uzi husema kuna joto hapa. Ng'ombe akiwa na homa, chombo cha kupimia husema vilevile kuna joto hapa. Mbele ya mtazamaji aliyeketi chumbani, habari zote mbili huja kwa sura moja, yaani tarakimu inayopanda. Hapo ndipo hatari inapojificha. Mtu aliyezoea kuona tarakimu anaweza kusahau kwamba nyuma ya tarakimu moja kuna chuma, na nyuma ya nyingine kuna roho inayoumwa.

Tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa. Mashine ikiharibika, haiumii. Anayepata hasara ni mwenye mashine, au wale wanaoitegemea. Tangi la kupozea maziwa likizimika usiku, maziwa huganda na wakulima hukosa malipo. Lakini tangi lenyewe halilii. Kwa hiyo deni la anayechunguza mashine ni deni kwa watu. Ng'ombe ni kitu kingine. Yeye huumwa kwa nafsi yake. Kiwele chake kikivimba, maumivu ni yake kabla hasara haijawa ya mfugaji. Anayechunguza mnyama, basi, ana madeni mawili: moja kwa mwenye mnyama, na la pili kwa mnyama mwenyewe. Akilipa la kwanza akaacha la pili, amemgeuza ng'ombe kuwa mashine ya maziwa yenye pembe.

Utauliza: je, si afadhali tubaki na mkono wa mfugaji, tuviache vyombo hivi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kuna uzuri katika mkono ule, wala sidhani kuna kioo kitakachoupita kwa huruma. Lakini tusiusifu mkono hata tukasahau upungufu wake. Mkono hulala usiku. Mkono huzeeka. Hauwezi kuingia ndani ya jenereta inayozunguka, wala kugusa reli kilomita mia kwa wakati mmoja, wala kumfuata ndovu katika giza la msitu. Walinzi wa ua wa Nyandarua huukagua kwa miguu, nao ni watu wenye subira nyingi. Lakini mti unaweza kuuangukia ua nyuma yao mara tu wamekwisha kupita. Mtu anayekataa chombo kinachoweza kuokoa uhai, kwa sababu tu babu yake hakuwa nacho, anampenda babu kuliko anavyoupenda uhai. Kosa haliko katika kupokea chombo. Kosa huja pale tunapodhani kwamba chombo kimepokea wajibu wetu.

Liko pia swali la faragha. Udongo unaopeleka kishindo cha ndovu hupeleka na hatua za mama anayeokota kuni, na za kijana anayekwenda kwao usiku. Uzi uliozikwa kwa ajili ya wanyama unaweza kuwasikia watu ambao hawakuulizwa. Nami naona kanuni ya haki hapa si ngumu kuitamka, ingawa ni ngumu kuifuata: anayemchunguza mwingine na amchunguze kwa faida ya yule anayechunguzwa, au walau bila kumdhuru; na kama anayechunguzwa ana ulimi wa kusema, na aulizwe kwanza. Mfugaji hamgusi ng'ombe ili amwibie siri, humgusa ili ajue namna ya kumtunza. Macho yanayotazama bila nia ya kutunza ni macho ya mpelelezi, hata yakiwa ya kioo safi.

Lakini tuseme nia ni njema, chombo ni kizima, na habari ni ya kweli. Je, kazi imekwisha? Nitakutajia kisa kilichotokea karibu nasi. Palikuwa na ndovu dume mashuhuri katika nchi ya Mlima Kenya, watu walimwita Mountain Bull. Alivaa ukanda shingoni uliokuwa ukituma habari za mahali alipo. Kwa habari hizo watu walijifunza njia zake kati ya mlima na nyika za Laikipia na Samburu. Alikuwa mvunjaji mkubwa wa nyua, hata mwaka 2012 akapunguzwa pembe. Ndovu wachache walijulikana kama yeye. Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka 2014 alikutwa amekufa katika msitu wa Mlima Kenya, ameuawa, na pembe zake zimechukuliwa.

Sikusimulii kisa hicho ili nimlaumu mtu. Waliomtunza walimpenda, na msitu ni mkubwa. Nakisimulia kwa sababu kinatufundisha mpaka wa chombo. Ukanda ulijua alipo ndovu, lakini haukuweza kusimama kati yake na wauaji wake. Kati ya habari na wokovu kuna pengo, na pengo hilo halijazwi na kioo wala setilaiti. Hujazwa na miguu ya mtu anayeondoka alipo akaenda panapohitaji msaada. Pakiwa na miguu mingi, pengo huwa dogo. Pakikosekana miguu, habari hubaki kuwa kumbukumbu ya msiba.

Nami siwezi kuandika habari za Endarasha nikanyamaza juu ya msiba uliotupata. Usiku wa tarehe 5 Septemba mwaka 2024, moto ulizuka katika bweni la shule mojawapo ya Endarasha, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Taifa zima liliomboleza siku tatu. Wengi wenu msomao kurasa hizi mnalala katika mabweni, na yamkini mlilala macho usiku ule mkiwafikiria. Hapa pia sitafuti wa kulaumiwa, maana hiyo ni kazi ya wenye mamlaka ya kuchunguza. Nataka tujiulize jambo moja tu kama wanadamu. Tumejua kuulaza uzi unaohisi joto katika mahandaki na kando ya mabomba ya mafuta, ili mafuta yasiungue na mashine zisiharibike. Tunajua kumvika ng'ombe kidude shingoni kihesabu hatua zake na kucheua kwake. Je, mtoto aliyelala hastahili ulinzi usiopungua huo?

Kila mmoja atajibu kwamba anastahili zaidi. Basi jibu hilo linatufunga. Kwa kuwa vitu tunavyovichunguza ni ushahidi wa vitu tunavyovithamini. Ukitaka kujua jamii fulani inapenda nini, usisikilize hotuba zake. Tazama ni wapi imeweka macho yake usiku. Lakini hata hapo tusije tukajidanganya kwa mara ya pili. Uzi wa kuhisi moto hauzimi moto. Kengele inataka mtu wa kuamka. Mtu wa kuamka anataka mlango unaofunguka. Na mlango unaofunguka unataka mtu aliyeufikiria mchana, wakati hapakuwa na moto wowote. Mlolongo huo wote ni wa wanadamu, isipokuwa pete moja tu iliyo ya kioo.

Kwa hiyo nasema kujua ni deni. Asiyejua ana udhuru, na udhuru wake huweza kukubaliwa. Mfugaji wa zamani ambaye ng'ombe wake alikufa usiku kwa ugonjwa uliojificha alistahili pole. Lakini aliyeambiwa saa nne za usiku kwamba mnyama wake anaugua, akageukia upande wa pili na kuvuta blanketi, huyo hana pa kujifichia. Chombo hakikumpunguzia wajibu, kimemwongezea. Kila uzi tunaoulaza ardhini, kila kidude tunachomvika mnyama, kila kihisi tunachokifunga katika mashine, ni sawa na kutia sahihi hati ya mkopo. Tumekopa habari, na malipo yake ni matendo. Sikio la kufa halisikii dawa. Na sikio hilo, nyakati zetu, mara nyingi si la mgonjwa bali la yule aliyepewa habari za mgonjwa.

Pengine utaona mzigo huu ni mzito, ukasema afadhali kutojua. Fikira hiyo ni ya kawaida, lakini haina heshima. Mwenye macho haambiwi tazama. Na aliyefumba macho kwa hiari yake hawezi kudai haki za kipofu. Aliyeweza kujua, akakataa kwa kuogopa kazi, anadaiwa kama aliyejua. Njia iliyo bora ni kupima kabla ya kulaza uzi: je, habari itakapokuja, nani ataipokea? Ataweza kwenda? Ana gari, ana dawa, ana ufunguo, ana ruhusa? Kama majibu hayapo, tusianze na kioo, tuanze na watu.

Ewe mwanafunzi, baada ya miaka michache mmoja wenu atakuwa fundi wa jenereta, mwingine daktari wa mifugo, mwingine askari wa wanyamapori, mwingine mwalimu wa zamu katika bweni. Mtapewa vyombo ambavyo sisi hatukuviona. Msiviogope, wala msiviabudu. Jifunzeni jinsi vinavyofanya kazi, kwa kuwa mtu asiyekielewa chombo chake hutawaliwa nacho. Kisha, tarakimu itakapopanda mbele yenu, ulizeni maswali mawili. La kwanza: nyuma ya tarakimu hii kuna chuma, au kuna kiumbe kinachoumwa? La pili: sasa kwa kuwa mimi ndiye niliyejua, natakiwa kwenda wapi?

Kesho alfajiri, huko Endarasha, mfugaji ataingia tena zizini kwenye baridi. Huenda siku moja habari za ng'ombe wake zitamfikia hata kabla hajatoka kitandani. Nitafurahi siku hiyo ikifika, maana atamjua mgonjwa mapema. Lakini bado itampasa kuvaa viatu, kuwasha taa na kufungua mlango. Uzi utakuwa umemwita. Kuitika kutakuwa juu yake.